Kiraka nilichokibandika kwenye jile ya Radjabu

Jumapili. Mvua inapiga Kindu tangu alfajiri, mabati hayanyamazi. Leo mimi njo nimenyamaza. Wanaonijua watafikiri ninaumwa.

Mimi ni fundi wa mipira ya pikipiki. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nimetembea: Kisangani, Bujumbura, hata Kigoma wananijua. Kwa hiyo Radjabu aliponiletea jile yake ya kuzamia, lile koti linalojazwa hewa ili mzamiaji aelee, nilimwambia mbele ya wateja, nikimwita yaya kama tunavyowaita kaka wakubwa: "Yaya, hii kwangu mchezo. Penye hewa, mimi ni daktari."

Mfuko wa ndani ulikuwa umepasuka kidogo karibu na mshono. Nikaukwangua, nikapaka gundi ya mipira ya pikipiki, nikabandika kiraka. Valve nikaisuuza kwa nje tu. Mchanga wa mto ukabaki ndani. Radjabu akasema, "Uijaze, uiache mpaka asubuhi, tuone kama itashika."

"Yaya, kiraka changu hakifanyi mtihani!"

Watu wakacheka. Sikuijaza.

Alhamisi alizama hapa bandarini, kufunga kamba kwenye mashine ya boti iliyoanguka mtoni. Alifunga vizuri. Alipotokeza kichwa juu akatoa mpira wa hewa mdomoni, akabonyeza kitufe ili jile imbebe. Ikajaa, halafu ikalegea yote. Vyuma vya kiunoni, vile vya kumzamisha, vikamrudisha chini. Alijiokoa kwa kuikamata ile kamba, akatoka anatapika maji.

Na nani alifungua mdomo wa kwanza? Mimi.

"Yaya Radjabu, mto umekukataa! Uende Kibombo ukalime mpunga!"

Mwenye boti alicheka mpaka akashika mbavu. Alipomaliza kucheka akasema kazi inayofuata atampa mzamiaji mwingine.

Radjabu alinirudishia jile niisafishe. Akasema polepole, hakunitazama: "Kazi yako iko muzuri, ndugu yangu. Mimi njo nimezeeka."

Jana niliijaza hewa, nikaitia kwenye beseni la maji. Mapovu yakatoka pembeni mwa kiraka changu, moja moja, yamejipanga kama shanga.

Hajazeeka.

Wakati wa vita, mimi bado mtoto, masasi ya bunduki yalitutoa upande huu wa mji tukakimbilia mto, tuvuke mpaka Alunguli. Mitumbwi ilikuwa imekwisha. Radjabu, jirani yetu, wakati huo kijana wa nguvu, alikuwa na bidon mbili tupu, yale madumu ya mafuta. Mama analia: "Fanya mbio, baba, fanya mbio!" Yeye akaikandamiza kila bidon chini ya maji, akangoja aone kama itatoa mapovu, ndipo akanifunga nazo kifuani. "Mama, bidon inadanganya kwenye nchi kavu tu," akasema. Kisha akaogelea akinisukuma mpaka ng'ambo, maji yakimfika kidevuni.

Yeye, masasi yakiwa mgongoni, alipata nafasi ya kuangalia mapovu. Mimi nilikuwa na kiti, na chai, na watu wa kuchekesha.

Leo nimebandua kiraka. Nimesuuza mfuko ndani kwa maji safi mara tatu, nimeifungua valve, nimetoa mchanga unaojaa kijiko. Nimetumia gundi ya boti za mpira, ile ambayo Radjabu mwenyewe aliniambia niitafute tangu mwanzo, nikamwambia ni anasa za wazungu. Tangu saa sita mchana jile imening'inia juu ya mlango, imejaa hewa. Kila nikipita naigusa kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Ningeweza kwenda kwake nyumbani nikamnong'oneza. Angenisamehe kabla sijamaliza kusema, namjua. Halafu tungekunywa chai, na mji ungeendelea kusema Radjabu amekwisha.

Hapana. Mzaha niliupiga bandarini, basi na kosa langu nitalikiri bandarini, asubuhi, wakati watu wanapakia mizigo, mwenye boti akisikia. Wateja watacheka. Wengine watapeleka mipira yao kwa fundi mwingine, na watakuwa na haki.

Kesho nikiikuta jile bado imekaza, nitaibeba niende nayo.

Nikiikuta imelegea, nitaibeba vilevile.