Geuza Mizani, Mama

Mama yangu, Mungu akurehemu,

Leo nimeaibika mbele ya watu, na wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe.

Unaikumbuka ile mizani yako ya sahani mbili pale sokoni Kismayo, ulipokuwa ukiuza papa mkavu kutoka kisiwani kwetu Chovai? Mteja akiwa na shaka, ilikuwa haki yake kuomba ugeuze: samaki waende sahani ya mawe, mawe yaje sahani ya samaki. Siku moja, kwa ujanja wangu wa miaka tisa, nilibandika chini ya sahani ya samaki donge la shahamu, yale mafuta na chokaa wanayopaka vyombo vya baharini. Nilidhani nakusaidia. Bibi mmoja akaomba ugeuze, na mizani iliyokuwa sawa ikalala upande mmoja. Ulilibandua donge, ukamwongezea samaki, wala hukunipiga. Uliniambia tu, kwa lafudhi yetu ya kisiwani, “Geuza mwenyewe, kabla mchu hajakwambia. Ukiogopa kugeuza, ushayua haiko sawa.”

Vita vilipotukimbiza hadi kambini Mombasa, nguo uliziacha, mizani ukaibeba. Nilikununia njia nzima, maana mashuani nililowa na sina cha kubadilisha. Kumbe kule kambini ndiyo iliyotugawia unga, na majirani waliogombania kila kitu hawakuwahi kugombania kipimo chako. Fungu letu ulilipima la mwisho.

Sasa kazi yangu huku Ulaya ni mizani pia, ungecheka. Iko juu ya meza: kijiti chenye uzito wa shaba upande mmoja na wa alumini upande wa pili, kinaning’inia kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Tunatafuta kama duniani mna nguvu nyingine, mbali na ile inayoangusha nazi, ile ya sumaku na zile za ndani kabisa ya vitu. Ikiwepo, itauvuta uzito mmoja zaidi na uzi utajipinda kidogo sana.

Mwaka huu ulijipinda. Miezi mingi uzi ulituambia ndiyo. Wenzangu walishaanza kuandika habari yake, na mkataba wangu unakaribia kwisha. Nami nilikuwa sijabadilisha pande. Nilijipa visingizio: uzi utakatika, muda hautoshi. Moyoni nilijua naogopa.

Juzi nikabadilisha. Shaba ikaenda kwa alumini, alumini kwa shaba. Kama ingekuwa nguvu ya kweli, uzi ungejipinda kinyume. Ukajipinda vilevile. Kosa lilikuwa la kijiti chetu, na leo nimesimama nikawaambia. Mkubwa wetu akasema tuanze upya.

Sijui kama watanibakiza. Lakini nimekula chakula cha jioni kwa raha, mama, na raha hiyo umenipa wewe. Ahsante kwa mizani. Nguo zingekuwa zimechakaa zamani.

Lala salama.

Mwanao, yule wa shahamu