Chenga za TV na Mikono ya Baba Mkwe

Alhamisi. Upepo wa leo unakata masikio, na mimi nashindwa kumtazama baba mkwe wangu usoni.

Baba amepanda kutoka Mtowisa kuja kutibiwa goti. Huko kwao ni joto, hapa Sumbawanga hata koti halimtoshi. Raha yake ni moja tu, taarifa ya habari. Jioni yeye anaangalia TV, mimi nakaa nyuma yake na kompyuta, naingia kwenye blogu hii. Tangu tuunganishiwe intaneti kwenye waya uleule wa kebo, picha imekuwa ikijaa chenga, na kila nikitazama, rimoti anayo yeye.

Jumapili wanajumuiya wenzangu wa kanisani walikuwa wamejaa sebuleni. Nikawasha kompyuta niwaonyeshe picha za harusi, chenga zikaanza. Nikamgeukia baba mbele yao wote.

"Baba, achana na hiyo rimoti, utatuulia TV!"

Wageni wakacheka. Yeye akaiweka mezani taratibu.

Tangu hapo jioni anakaa barazani. Nikimwita anajibu, "Napunga upepo tu, mama." Mtu wa Mtowisa, apunge upepo wa Sumbawanga! Nami nikajifanya kuamini, maana nafasi ya kuandika ilikuwa kubwa zaidi.

Leo mchana nilikuwa peke yangu sebuleni, TV imewashwa. Naanza kupandisha picha kwenye blogu, chenga hizo, na rimoti iko juu ya kabati. Nikachomoa modemu, kile kisanduku cha intaneti, picha ikatulia. Nikachomeka, zikarudi. Nimerudia mara nyingi, nikiomba iwe kitu kingine. Fundi wa kebo amekuja, akasema kile kidude kinachogawa waya kwenda TV na modemu kimechoka, atakibadilisha kesho.

Nimemfuata baba barazani, nikapiga magoti.

"Nisamehe baba. Ni modemu yangu, siyo wewe."

Akashusha pumzi. "Afadhali, mama. Nilijua ni mikono yangu hii, imezoea ng'ombe tu."

Kumbe aliniamini.

Naona aibu. Mzazi wa mume wangu amekaa kwenye baridi akiichukia mikono yake mwenyewe, kwa neno langu.

Sasa yuko sebuleni, modemu nimeizima, picha safi. Naandika bila mtandao, haya yatapanda fundi akishamaliza kazi. Rimoti nimemwekea mapajani. Ameishika kwa ncha za vidole, akaiweka mezani, akakunja mikono ndani ya koti.

"Mama, naomba uniongezee sauti."

Nimeinuka nikamwongezea. Ataishika lini tena?