Shujaa Ambaye Martina Hamjui

Boay,

Sijamwambia mtu yeyote ulivyokufa. Yale niliyoyasema msibani kwako, siku tuliyokulilia bila mwili, niliyatunga njiani nikirudi kutoka vitani. Nilisema uliikimbilia bunduki ya adui ukafa papo hapo. Nimeyarudia kila Siku ya Mashujaa, darasani na jukwaani, hata baada ya kustaafu ualimu.

Sasa mapafu yamechoka. Nalala nimekaa. Baridi ya Julai ya hapa Karatu unaijua, ukungu hauondoki mapema. Mjukuu wako anaendesha gari la watalii, anawateremsha kreta, kwenye lile bonde la wanyama, na njiani huwasimulia habari zako kama nilivyomfundisha. Jumamosi kata inazindua jiwe lenye jina lako karibu na soko. Diwani amenipigia: "Mzee wangu, dakika chache tu, utueleze ushujaa wake."

Ungecheka. Kambini neno hilo lilikuwa la utani, tulimwita hivyo aliyepangiwa kuchimba choo. "Shujaa, jembe lako hili!" Nawe ukajibu, "Mashujaa ni ninyi mliokaa, mimi ni mkulima wa mbaazi." Uliogopa radi. Uliiba sukari ya sajenti, tukanywa chai tamu chini ya turubai huku tumezibana pua tusicheke. Hukutaka kufa, Boay. Hakuna hata mmoja wetu aliyetaka.

Watu wanapokuita shujaa wanakuheshimu, sikatai. Ulikwenda ulikotumwa, ukiwa na hofu, na hukurudi. Hilo linatosha. Lakini mimi nimelitumia neno hilo kama kufuli. Nani atauliza shujaa amekufaje?

Martina ameuliza. Juzi mkeo aliniletea uji, akakaa miguuni pa kitanda.

"Shemeji, huyo shujaa wenu simjui. Mimi niliolewa na Boay. Mwisho wake alisema nini?"

Nikamjibu kama siku zote, kwamba hukupata nafasi ya kusema neno. Alinitazama mpaka nikageukia ukuta.

"Nitarudi Ijumaa," akasema. "Unywe uji huo, usiuache upoe."

Ijumaa ni kesho. Namwogopa kuliko nilivyoogopa mizinga. Akisikia, huenda asikanyage tena humu ndani, na sina mwingine wa kuniletea uji wala wa kunizika kwa upendo. Hata hivyo nakuahidi, atasikia yeye kwanza, kabla ya jiwe na kabla ya diwani. Sitajitetea. Kwaheri, ndugu yangu. Msamaha sikuombi kabla yeye hajasikia.

Nitamwambia hivi. Tuliamriwa kurudi nyuma. Ulikuwa umelala kwenye migomba, paja limepasuka, u hai. Uliniita kwa Kiiraqw, lugha ya kwetu, ili nijue ni wewe, ukasema nisikuache. Nilikuwa karibu, ningeweza kukushika mkono.

Nilikusikia, Boay. Nikakimbia.