Mchanga kwenye Unga

Dada Zuhura, shikamoo.

Baridi ya Songea imenifanya nijitande kanga yako juu ya sweta. Niko na ile kampuni ya matangazo, wale wanaosema siku hizi wanataka kila mtu aonekane na asikike: wazee, watu wa mikoani, na sisi tunaotembelea magongo. Kazi yangu ni kuwapaka poda wanaopigwa picha, ila mimi mwenyewe wamenipiga nyingi kuliko wao. Sijui wanazipeleka wapi.

Leo tulikuwa Msamala, uani kwa Mama Ngonyani, bibi aliyechaguliwa asonge ugali kwenye tangazo la unga. Waliisifia lafudhi yake ya Kingoni mpaka basi. Lakini macho yake yalikuwa kwa fundi wa sauti, aliyezivaa hedifoni zake shingoni, si masikioni.

Akaninong'oneza, "Mwanangu, hawa wananisikiliza kweli?"

Nikamwambia hata mimi nina wasiwasi.

Kamera ilipowashwa akatabasamu vizuri, akainua mwiko, akasema, "Unga huu una mchanga, msinunue."

"Safi sana, mama!" akasema bosi wetu, macho kwenye skrini. "Tumepata!"

Mama Ngonyani akanitazama tu, akaendelea kusonga.

Nibusie watoto, na uji wa ulezi ninywee na mimi. Kesho nimeitwa kikaoni nitoe maoni ya watu wenye ulemavu. Nitaanza kwa kusema unga una mchanga, nione nani atainua kichwa.

Mdogo wako,
Mwanaidi