Hiba ya Nyumba ya Bustan

Bustan, Maskati
6 Januari 2024

Mwanangu Mazoon,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima, na mumeo Wael pia. Mimi ni mzima, ila nyonga ya kulia inaniuma.

Nyumba hii nimempa ndugu yako Badr kwa hiba. Tuliiandikisha juzi. Wewe una mume, na mume ana nyumba huko Unguja. Sikuandikii ili nikuombe ruhusa. Nakuarifu, usije ukasikia kwa watu.

Mama yako

Unguja
15 Januari 2024

Mama,

Waaleikum salaam. Sisi hatujambo. Pole kwa nyonga.

Nyumba siigombei. Nauliza moja tu: katika hati mmeandika kwamba utakaa humo maisha yako yote? Kama hamkuandika, rudini mkaandike.

Binti yako

Bustan
27 Januari 2024

Mwanangu,

Barua nimeipata, afya ni ile ile. Karani naye aliniuliza hilo, na Badr amesimama pale pale. Nimwekee mwanangu sharti mbele ya watu, kana kwamba ni mpangaji? Nilimwambia karani afunge faili. Nawe funga mdomo.

Mama yako

Ruwi, Maskati
2 Novemba 2024

Mwanangu Mazoon,

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote? Mimi sijambo kidogo.

Anwani imebadilika, kama uonavyo. Nyumba Badr anawakodishia watalii. Nimepanga chumba Ruwi, ghorofa ya tatu, na lifti ni mbovu.

Nyonga imelika kabisa, yataka kubadilishwa. Hospitali ya serikali imenipa tarehe ya Desemba mwakani. Ya binafsi inataka riali elfu tatu. Nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii kuomba msaada, binti wa dirishani akanitazama viatu, akasema, "Khala, wewe ulikuwa mwalimu mkuu. Pensheni yako inapita kiwango chetu." Kodi ikishatoka, inabaki ya chakula na vidonge.

Nisaidie.

Mama yako

Unguja
20 Novemba 2024

Mama,

Salamu nyingi, na pole sana.

Nimeuza dhahabu zangu za harusi, zote. Riali elfu tatu zimo katika akaunti yako tangu jana. Nimezungumza na hospitali: kitanda chako ni tarehe 8 Desemba. Kazini wameninyima ruhusa, na simu hupokei, basi niandikie ukitoka.

Usimwambie Badr.

Binti yako

Unguja
5 Januari 2025

Mama,

Hospitali wanasema hukwenda. U hai?

Binti yako

Ruwi
14 Januari 2025

Mazoon,

Ningali hai. Nawe natumai hujambo.

Badr alikuja kunitazama, mara ya kwanza tangu nihame. Anajenga nyumba huko Qurum, na fedha zilimpungukia kwenye paa. Alisema chumba cha chini ni changu, nisipande ngazi tena. Nikampa. Nisingeweza kumficha mwanangu.

Ijumaa iliyopita Namuddu, binti wa Kiganda anayefanya kazi nyumba ya jirani, alinishika mkono tukaenda kukiona. Chumba kipo, na marumaru yake ni nzuri. Mke wa Badr, Ghadeer, amemweka humo mama yake mzazi.

Badr ana majukumu mazito; usimwandikie maneno makali. Mimi sishuki tena. Namuddu hunipandishia mkate. Daktari anasema nikingoja hadi Ramadhani sitatembea.

Kile kiwanja chako cha Fuoni, bado unacho?

Mama yako