Mvua ya Kotile na Jibu la Tatu

Kotile, 2 Agosti 1997

Binti yangu Hinda,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima na Nairobi haijakukondesha. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, isipokuwa hooyo, mama yako, analalamika goti, na goti lenyewe huuma siku za kuchota maji tu.

Nimemwambia kila mtu, kuanzia dukani hadi msikitini, kwamba binti wa Mwalimu Abdinoor anaandika programu za kompyuta. Sijui programu ni mdudu gani, lakini nimelisema neno hilo kwa sauti kubwa na hakuna aliyethubutu kuniuliza. Ila habari kwamba unajenga maktaba imenitia taabuni. Eedo wako Saynab ameisikia na sasa anataka umwazime kitabu cha mapishi. Nieleze vizuri, nisije nikaaibika mbele ya dada yangu.

Kipimamvua bado kimesimama pale uani pa shule. Kila asubuhi nakichungulia, hakuna kitu ila vumbi. Naandika sifuri, naenda kituo cha polisi kuisoma kwa redio. Askari wananicheka. Nawaambia hata sifuri ina heshima yake ikiandikwa na mtu mkweli.

Ni mimi aabo wako,
Abdinoor

Nairobi, 30 Agosti 1997

Aabo mpenzi,

Waaleikum salaam. Mimi mzima, chakula nakula, kukonda bado. Goti la hooyo lisuguliwe mafuta ya simsim, na maji achote Aabo.

Mwambie eedo hakuna vitabu. Maktaba yetu ni ya programu ndogondogo. Kila moja inajua kazi moja, na mtu anayetengeneza programu kubwa anaiazima badala ya kuanza upya. Zangu zinakagua namba za mvua kutoka vituo vyote vya kaskazini mashariki kabla hazijachorwa kwenye ramani ya mradi wetu, ile wanayoitazama watu wa misaada. Kuna msomaji anayesahau nukta, na kuna anayeandika sifuri moja zaidi. Programu yangu inaipima kila namba na kurudisha jibu: Sawa au Kosa. Iliyo Sawa inapita, iliyo Kosa inatupwa.

Kikomo cha mvua ya siku moja nimekitoa kwenye namba zako mwenyewe. Kubwa kuliko zote ulizowahi kuandika ilikuwa milimita 97, nami nikaweka 120 ili kuacha nafasi. Mkubwa wangu, Bwana Murithi wa Meru, ameitazama kazi akasema aliyenifundisha hesabu asalimiwe. Basi nakusalimia mara mbili.

Binti yako,
Hinda

Kotile, 20 Septemba 1997

Hinda, jicho langu,

Asalaam aleikum na salamu kwa huyo Murithi, anaonekana mtu mwenye akili. Sote tuko salama. Barua yako nimewasomea wazee baada ya sala ya Alasiri, wakaniomba nirudie pale penye Sawa na Kosa. Nilirudia, tena polepole.

Nimependa hukumu yako haina maneno mengi. Kosa ni kosa. Usimwonee mtu haya, hata namba yangu ikivuka mstari, ikate. Unakumbuka darasa la nne nilivyokupa sifuri kwa kusahau kuandika "lita" mbele ya jibu? Hooyo alininunia wiki nzima. Leo ananiambia nilifanya vyema, ingawa anasema akiwa amegeuka upande.

Mawingu yameanza kujikusanya upande wa mto. Inshallah tutaacha kuandika sifuri.

Aabo wako mwenye kiburi kidogo,
Abdinoor

Nairobi, 16 Novemba 1997

Aabo,

Asalaam aleikum. Nakuuliza hali, na mara hii nauliza kweli, si kwa mazoea. Mko wapi? Barabara zote zimekatika. Barua hii nampa Deeq, yule jirani yetu wa zamani, anayepakia unga kwenye ndege za Garissa. Mbele ya hapo sijui.

Jumatatu namba yako ilikuja kwa redio: 196. Tangu hapo redio ya Kotile iko kimya. Namba ilipoingia, programu yangu iliandika Kosa ikaitupa, na kwenye ramani mahali pa namba iliyotupwa panabaki peupe. Aabo, peupe ndiyo rangi ya mahali pakavu.

Alhamisi watu wa misaada walikutana hapa ofisini. Mmoja aliweka kidole juu ya Kotile akasema hapo hapana shida, helikopta iende kwingine. Nilisimama nikasema aliyepima mvua ile ni baba yangu, naye hadanganyi. Yule bwana hakunikaripia. Alinijibu kwa upole, "Dada, programu si ni yako? Wewe ndiye uliyesema ni kosa."

Nilikaa chini. Nina hasira na programu hiyo, na hasira nyingine ni juu yako, maana hukumu fupi umenifundisha wewe. Uliniambia nikate. Sikubali. Kesho naibomoa.

Binti yako,
Hinda

Nairobi, 27 Novemba 1997

Aabo wangu,

Salamu zangu zikufikie popote ulipo, wewe na hooyo. Barua yako haijaja, nami naandika tena.

Nimemaliza. Sasa ukaguzi haurudishi neno moja tupu. Unarudisha namba kama ilivyofika, jina la ukaguzi ulioishika, sababu ya kuishika, na kinachotakiwa kufanywa. Kati ya Sawa na Kosa nimeweka jibu la tatu: Ya Kuulizwa. Namba ya namna hiyo haitupwi. Inachorwa kwa rangi ya machungwa, na haitoki kwenye ramani mpaka mtu aende kwa aliyeipima, amwulize.

Yako ilitoka hivi: "Kotile, 196. Imezidi kikomo. Vituo vya jirani kando ya mto navyo vimezidi. Msomaji hajawahi kukosea. Aulizwe." Bwana Murithi alitaka kuifuta ile sentensi ya msomaji akidhani ni mapenzi ya mtoto. Nikampitishia namba zako za miaka yote mbele ya macho yake. Haikukamatwa hata moja. Akaibeba karatasi mwenyewe mpaka mkutanoni.

Rangi ya machungwa imewasumbua, Aabo. Peupe waliweza kupaacha, lakini hii inadai mtu aende. Wakaulizana nani ataenda, na helikopta imepangiwa Kotile mawingu yakifunguka. Anayekuja kukuuliza ni kijana wa mradi wetu, nampa barua hii.

Huku watu wameanza kunipa pole kwa sauti nisiyoitaka. Nimewajibu kama maktaba yangu inavyojibu. Nyinyi siwezi kuwaandika Sawa, maana sijui. Kosa siandiki. Wewe na hooyo ni wa kuulizwa.

Binti yako,
Hinda

Kotile, 29 Novemba 1997

Hinda binti Abdinoor,

Waaleikum salaam. Naandika nyuma ya karatasi ya mtihani, rubani anatazama saa.

Nyumba imekwenda na maji, na mbuzi wengi pia. Watu wote tuko madarasani, maana shule iko juu kidogo, na unga uliisha. Leo helikopta imetua uani, nusura iangushe kipimamvua. Nilikikumbatia huku nikipiga kelele kama mwendawazimu.

Akashuka kijana na karatasi ndani ya plastiki. Jambo la kwanza alilosema ni, "Mzee, hii 196 uliipataje?" Nilikasirika. Watu wanalala juu ya madawati, naye ananiuliza hesabu. Lakini kuuliza si ujinga, nikamjibu. Chupa ya ndani ilifurika, kopo la nje likapokea, nikapima kwa bilauri ya vipimo, kujaza na kumwaga, hooyo wako akihesabu kwa sauti ili nisijidanganye. Akaandika. Kisha nikaisoma karatasi yenyewe hadi pale penye "Msomaji hajawahi kukosea". Nikamwuliza nani kasema hivyo. Akasema ni maktaba ndiyo imetoa. Wakati huo magunia yalikuwa yanashushwa. Nikawageukia watu wa Kotile wote nikawaambia maktaba hiyo ni ya binti yangu. Sijafika mwisho wa sentensi, wakaimalizia wao.

Ndipo akanipa barua zako mbili, ile uliyompa Deeq ilikuwa imekwama Garissa akaichukua njiani. Nilikuambia ukate, hukunisikiliza. Mara hii nimefurahi kutosikilizwa, lakini usizoee. Eedo Saynab anasema maktaba iliyoleta unga inashinda yenye kitabu cha mapishi.

Kijana ameuliza habari za mvua tu, kwa hiyo lile swali lako jingine nalijibu mwenyewe. Hooyo wako yuko hapa, analalamika goti. Mwandike Sawa. Nami niandike Sawa.

Aabo wako,
Abdinoor