Ni Mie Ninapikaka

Amida, nakuandikia mbio, mikono ingali inanuka kitunguu. Leo nimejiaibisha mbele ya banamuke bote ba Kamalondo!

Ule citoyen, mukubwa wa chama, alituita juu ya babwana benye kupiga babibi. Eti Leta, serikali yetu, inataka kusikia mawazo ya banamuke. Mie nikakaa mbele kabisa, kitenge mupya, sawa bibi ya ministre!

Unajua mu kinywa yetu kupiga na kupika ni sauti moja. Akauliza: "Mu nyumba zenu, nani anapikaka?"

Amida, nikasimama! Nani alinituma?

"Ni mie, citoyen! Ninapikaka asubui na mangaribi, na bwana yangu hanungunikake!"

Kicheko! Na mie, bure kabisa, nikaongeza: "Siku ya bageni njo ninapikaka zaidi!"

Citoyen akacheka mpaka machozi. "Basi huku babwana njo benye kuteswa!" Akatuambia tupige makofi, tucheze, mukutano ikaisha. Ikaisha, Amida! Njo jibu ya Leta.

Kumbe nyuma yangu Mwaba, ule jirani yangu, alikuwa amenyoosha mukono apate kusema. Akaushusha.

Mu njia nikamuomba samahani. Akavuta kitambaa juu ya jicho yenye kuvimba, akaniambia pole pole:

"Mama Feruzi, na kwangu banapikaka kila siku. Chakula tu njo haionekane."